Hakuna Mawimbi

Barua iliingia pamoja na bili ya gesi:
usiku wa kuamkia Jumatano masafa yatahama,
watazamaji wote watafute chaneli upya.
Hawakusema yanahamia wapi,
wala kama yataaga.

Jumatano asubuhi Eluned akagonga ukuta mara tatu.
Ndiyo kengele yetu tangu mwaka ule wa theluji.
Nikaenda na miwani yangu miwili na kalamu.
Kinasa chake kilikuwa chini ya televisheni,
vumbi mgongoni, taa nyekundu imekodoa
kama jicho la mtu aliyekesha.
Hakuna mawimbi, kioo kiliandika,
na bahari ile pale dirishani, mawimbi tele,
na ng'ambo yake Wales, rangi ya moshi.

Menyu. Mipangilio. Ingiza nambari ya siri.
"Jaribu sifuri nne."
Ikakataa.
"Basi jaribu mwaka aliozaliwa Clive."
Marehemu alizifunga chaneli kama mtu anavyofunga banda la kuku.
Ikakubali.

Kisha onyo: ukiendelea, orodha ya kurekodi itafutika.
Tukaisoma orodha kabla ya kuiua.
Mnada wa vitu vikuukuu, kila alasiri.
Mbwa wanaochunga kondoo kwa mluzi.
Na kipindi cha ukulima, Jumapili, saa moja asubuhi,
kilichokoma kurushwa miaka mitatu nyuma;
lakini kinasa, kitiifu, huamka kila Jumapili
kikanasa nusu saa ya chochote kinachopita.
"Hicho alikiweka Clive."
Hakusema nifute. Hakusema nisifute.
Nikabonyeza Sawa huku nikitazama pazia.

Asilimia tatu.
Asilimia kumi na moja.
Miaka ishirini na tisa nilisimamia mashine ya karatasi,
najua mashine haingojwi kwa kuikaripia.
Chaneli zikaanza kujiorodhesha zenyewe:
ya vito, ya dua, ya vyombo vya jikoni,
moja isiyo na jina, nambari tupu.
Kwenye arobaini na nne ikaganda.
Chai ikapoa. Eluned akaanza kuhesabu vijiko.
Ikaendelea.

Mnara wa kwetu umezibwa na kilima,
kwa hiyo antena za mtaa huu zote
zimeupa mkoa wetu kisogo, zinatazama majini.
Ndiyo maana picha iliporudi
alikuwa mwanamke wa koti la kijani
akitabiri mvua mabondeni, kwa Kiwelisi.
"Samahani," nikasema, "kimeshika ng'ambo.
Kuna pahali pa kuchagua eneo, nitarekebisha."

Eluned akainua mkono, kiganja wazi,
kama anayesimamisha gari.

Miaka thelathini ukuta mmoja,
nami sijawahi kumsikia akikisema.
Clive hakuwa na ugomvi na Wales, alizoea kusema,
ila hakutaka maneno asiyoyasikia ndani ya nyumba yake.
Sasa midomo yake ilimfuata mtangazaji, nusu neno nyuma,
kama aliyechelewa ibada, akakuta wimbo umeanza.
Kisha sambamba.
Kisha nusu neno mbele.
"Wa kaskazini huyu!" akacheka, akafuta miwani kwa kanzu ya jikoni.
"Neno lao la *sasa* ni letu limesomwa kinyumenyume.
Sasa yetu sisi haiko hivyo."
Akaitamka yake.
Sikuweza kuirudia, ingawa alinifundisha mara mbili.

Nikamuuliza, Jumapili saa moja nikuwekee nini?
"Weka hiyohiyo."
Hiyohiyo ipi, haipo tena.
"Saa ipo," akasema. "Weka saa."

Nikaweka saa.

Kwangu bado sijatafuta chochote.
Taa nyekundu, kioo kitupu, yale maneno mawili.
Nimekaa na rimoti mapajani,
sikio karibu na ukuta:
upande wa pili sauti mbili zinajibizana,
na moja haitoki kwenye kinasa.